Mfalme Aliyeshindwa na Sigara

Kaaga, pale Meru, iko ubavuni mwa Mlima Kenya. Upande wa pili wa mlima ni Nyeri, na kando yake msitu wa Aberdare, ambako usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, Binti Elizabeth wa Uingereza alikuwa Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti. Hakujua kwamba usiku huo huo baba yake alikuwa akifariki.

Baba huyo ni Mfalme George wa Sita, ambaye kichwa chake wazee wetu walikiona katika shilingi waliyonunulia sigara.

Alizaliwa 1895. Ufalme ulimjia bila kuutaraji, kaka yake alipojiuzulu mwaka 1936. Alikuwa mtu wa haya na kigugumizi, na sigara haikumtoka mkononi. Baba yake na babu yake nao walikuwa wavutaji. Vikaja vita vya 1939 hadi 1945. Mashaka yakazidi, na moshi ukazidi.

Hatimaye deni likadaiwa. Machi 1949 alipasuliwa kwa sababu ya mishipa ya mguu iliyoziba. Septemba 1950 mabingwa Richard Doll na Austin Bradford Hill wakatangaza uchunguzi wao wa wagonjwa wa hospitali za London: kadiri mtu avutavyo zaidi, ndivyo saratani ya mapafu inavyomkaribia. Doll mwenyewe akaacha sigara. Wengine wakabisha, wakasingizia moshi wa magari.

Septemba 23, 1951 mfalme aliondolewa pafu la kushoto. Lilikuwa na saratani, lakini yeye hakuambiwa. Miezi minne baadaye damu iliganda moyoni, akafa usingizini, umri miaka 56. Binti yake mdogo, Margaret, aliyevuta pia, alikatwa sehemu ya pafu mwaka 1985. Elizabeth hakuvuta, aliishi miaka 96.

Nyumba moja si ushahidi wa kutosha, atasema mbishi, na babu yake alivuta hadi uzeeni. Kweli, wapo wanaovuka bahari kwa ngalawa mbovu. Lakini nani atampakia mwanawe humo?

Wanazuoni wetu walibishana karne nyingi: tumbaku ni makuruhu au haramu? Mzizi wa mabishano ulikuwa kama madhara yake ni dhana au yakini. Leo ni yakini. Basi msomaji, mwili ni amana. Na amana haichomwi moto.