Hugo van Lawick: Mpiga picha aliyeionyesha dunia tai anayevunja yai kwa jiwe

Ukipanda basi la Mwanza pale Musoma, ukaipita Bunda mjini, kabla hujafika Lamadi utaliona upande wa kushoto lango la Ndabaka. Hapo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inakaribia kabisa Ziwa Victoria. Sisi wa Buhare tunapita pale tukienda kwenye shughuli zetu, na wengi wetu tunakuwa tumeshasinzia. Lakini mbali ndani, upande wa kusini wa nyika hiyo, kuna sehemu inayoitwa Ndutu. Hapo amezikwa mtu aliyeishi kwenye hema zaidi ya miaka 30, kazi yake ikiwa ni kuwapiga picha wanyama na ndege. Jina lake ni Hugo van Lawick.

Wasikilizaji wetu wanaotutumia picha za ndege kwa simu wametuuliza mara kadhaa kama kuna mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo huku kwetu ikampa jina. Yupo, na leo tunayaeleza maisha yake. Tunayaeleza pia kwa sababu ndege aliyempa moja ya picha zake kubwa sasa yuko hatarini kutoweka, na usalama wake uko mikononi mwa watu wanaoishi jirani na hifadhi, kama sisi.

Utoto wa kuhamahama

Hugo alizaliwa Aprili 10, 1937 katika mji wa Surabaya, nchi ambayo leo ni Indonesia. Wakati ule ilikuwa koloni la Uholanzi. Familia yake ilikuwa ya ukoo wa kimwinyi wa Kiholanzi, ndiyo maana jina lake huandikwa likitanguliwa na cheo cha baroni. Cheo hicho hakikumpa utoto wa raha. Baba yake, aliyekuwa rubani, alifariki mwaka 1941, mtoto akiwa na miaka minne tu. Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, mama aliwachukua watoto wake akaenda nao Australia, kisha Uingereza, na baada ya vita wakarudi kuishi Uholanzi.

Tangu ujana alitaka kuishi karibu na wanyama wa porini. Hakuwa na shahada ya sayansi, hivyo akaona kamera ndiyo itakayomfikisha huko. Alikuja Afrika Mashariki akiwa kijana, akapata kazi Nairobi kwa Armand na Michaela Denis, mume na mke waliokuwa wakitengeneza vipindi vya wanyama kwa ajili ya televisheni ya Uingereza. Huko ndiko alikojifunza kazi.

Miaka hiyo Serengeti ilikuwa imeanza kujulikana ng'ambo, na kwa gharama kubwa. Januari 10, 1959, Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani mwenye miaka 24, alikuwa angani akiwafuatilia wanyama pamoja na kutengeneza filamu. Ndege yake ndogo, iliyopakwa mistari kama pundamilia, iligongana na tai, ikaanguka. Ndege aliipasua ndege. Michael alizikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro, na filamu yake ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Huo ndio uwanja ambao Hugo naye aliuchagua.

Gombe kwanza

Mwaka 1962 Hugo alipelekwa Gombe, Kigoma, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika. Aliyempendekeza ni Dk. Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale aliyekuwa akichimba Olduvai. Gombe kulikuwa na binti wa Kiingereza, Jane Goodall, aliyekuwa ameanza kuwachunguza sokwe tangu mwaka 1960. Jane alikuwa ameshaona jambo lililowashangaza wataalamu: sokwe akikichomeka kijiti kwenye kichuguu ili kutolea mchwa. Hadi hapo wasomi wengi walishikilia kwamba kutumia zana na kuzitengeneza ni sifa ya binadamu peke yake.

Kazi ya Hugo ilikuwa kuleta ushahidi wa picha. Alikaa msituni, mvua ikimnyeshea, akiwasubiri sokwe wamzoee. Picha zake zilichapishwa katika jarida la National Geographic mwaka 1963, zikawafanya Jane na Gombe wajulikane duniani kote. Wawili hao walioana mwaka 1964, na mwaka 1967 wakapata mtoto wa kiume. Baadaye kazi ziliwavuta pande mbili: Jane alibaki na sokwe wake Kigoma, Hugo akavutwa na nyika ya Serengeti. Walitengana kwa talaka mwaka 1974, lakini urafiki wao ulibaki. Jane alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91.

Siku ya mayai ya mbuni

Hapa ndipo tunapofika kwa ndege tuliyemtaja. Hugo na Jane walikuwa Serengeti wakati moto wa nyasi ulipopita. Mbuni walikuwa wamekimbia kiota na kuyaacha mayai. Tai wa aina mbalimbali wakatua kuyazunguka, wakubwa kwa wadogo, wakiyadonoa bila mafanikio. Yai la mbuni lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na ganda lake ni gumu kiasi kwamba mdomo wa tai mkubwa hauwezi kulipasua.

Kisha wakaja tai wawili wadogo, weupe, wenye uso wa manjano, ambao wataalamu huwaita tai wa Misri. Mmoja aliokota jiwe kwa mdomo, akasimama wima mbele ya yai, akainua kichwa na kulitupa jiwe chini kwa nguvu. Akaliokota tena, akatupa tena. Jiwe lilipokosea yai hakukata tamaa. Mwishowe ganda lilipasuka, na karamu ikaanza.

Hugo alikuwa na kamera mkononi. Mwezi Desemba 1966 yeye na Jane waliandika taarifa katika jarida la kisayansi la Nature, na mwaka 1968 habari hiyo na picha zake zikatoka National Geographic. Watafiti waliofuata waligundua kwamba tai hawa hawahitaji kufundishwa na wazazi kutupa mawe. Wanazaliwa na tabia hiyo.

Jambo hili linatugusa kwa namna nyingine pia. Tangu karne ya 19 wasafiri waliopita kusini mwa Afrika walikuwa wakisimuliwa na wenyeji habari zinazofanana na hizi, za ndege kuvunja mayai ya mbuni kwa mawe. Wachungaji na wawindaji walijua. Lakini maneno ya mchungaji hayakuhesabiwa kuwa elimu, hadi ilipopatikana picha. Kwa hiyo kazi ya Hugo haikuwa kugundua kitu ambacho hakuna Mwafrika aliyekijua. Ilikuwa kuleta ushahidi ambao hakuna msomi angeweza kuukataa.

Maisha ya hemani

Kambi yake ilikuwa Ndutu, kando ya ziwa dogo la magadi ambalo heroe hulijia. Kuanzia Desemba hadi Machi, mvua zikiwa zimeotesha majani mafupi, nyumbu hujaa hapo na kuzaa. Palipo na mizoga hapakosi tai, na Hugo hakuwa na haja ya kwenda mbali.

Tukumbuke kwamba wakati ule hakukuwa na kioo cha kuitazama picha papo hapo. Mpiga picha alitumia mkanda wa filamu, akausafirisha kwenda kusafishwa ng'ambo, akasubiri majuma kadhaa ndipo ajue kama alipata au alikosa. Hugo alifanya kazi nyingi akiwa ndani ya gari, kwa sababu wanyama na ndege wa nyikani hulizoea gari lililosimama kimya, lakini humkimbia mtu anayetembea kwa miguu. Aliweza kukaa mahali pamoja kutwa nzima, siku baada ya siku, akimfuata mnyama mmoja hadi amfahamu.

Aliandika vitabu pia. Kimoja, kilichotoka mwaka 1970, kiliwatetea fisi, mbweha na mbwa mwitu, wanyama ambao watu wengi waliwaona ni wachafu na wakatili. Filamu zake zilimpatia tuzo nane za Emmy, ambazo ni tuzo kubwa za televisheni nchini Marekani. Vijana kadhaa waliofika kambini kwake kujifunza walikuja kuwa watengenezaji filamu wenye majina yao wenyewe.

Maradhi ya mapafu ndiyo yaliyomtoa porini. Mwaka 1998 pumzi haikumruhusu tena kufanya kazi, akahamia Dar es Salaam. Alifariki huko Juni 2, 2002, akiwa na miaka 65. Alirudishwa Ndutu, akazikwa pale ilipokuwa kambi yake.

Tai wa leo

Ukiangalia picha za Hugo leo, kuna uchungu. Tai yule wa jiwe aliwekwa mwaka 2007 kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2015 aina nyingine kadhaa za tai wa Afrika ziliwekwa kwenye ngazi ya hatari kubwa kuliko zote.

Sababu moja kubwa ni sumu. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba au fisi anaupaka mzoga dawa ya wadudu ili amwue mwizi wake. Hasira yake tunaielewa. Ng'ombe ni ada ya shule na ni akiba ya nyumba. Lakini wanaotangulia kwenye mzoga ni tai, nao huja kwa makumi. Mzoga mmoja unaweza kuua kundi zima kwa siku moja. Wapo pia majangili wanaoweka sumu makusudi ili tai wasizunguke angani na kuwaonyesha askari mahali walipo. Tai wengi hutaga yai moja tu, tena si kila mwaka, kwa hiyo kundi lililokufa haliwezi kurudi upesi.

Hasara inaturudia sisi. Tai humaliza mzoga kwa muda mfupi, na asidi kali ya tumbo lake huua vijidudu vingi vya maradhi. Wasipokuwepo, mzoga unabaki kuoza, mbwa na fisi wanaongezeka, na maradhi kama kimeta na kichaa cha mbwa yanapata nafasi. Ukiona mzoga unaoshuku una sumu, usiuguse wala usiache mbwa wausogelee. Toa taarifa kwa ofisi ya kijiji, afisa mifugo au askari wa wanyamapori.

Kwa wenye simu

Kamera ya Hugo ilikuwa mzigo wa kubeba begani. Ya kwako iko mfukoni. Huhitaji kwenda Ndutu. Furukombe yupo ufukweni, mnandi anaanika mabawa yake juu ya mwamba, yangeyange yuko nyuma ya ng'ombe. Piga asubuhi jua likiwa bado liko chini, na liwe nyuma yako. Kaa chini, tulia, mwache ndege akuzoee. Usikisogelee kiota, kwa sababu ndege akiruka kwa hofu mayai hupata baridi au huliwa na kunguru. Na ukimpata tai, andika siku na mahali ulipomwona, kisha ututumie. Picha yenye tarehe na mahali ni ushahidi, hata kama imepigwa na mchungaji.