Osa Johnson: Bunduki kando ya kamera

KATIKA miaka ya 1920 na 1930, Wamarekani wengi waliifahamu nyika ya Kenya kupitia sinema za Osa Johnson na mumewe, Martin.

Osa alizaliwa mwaka 1894 mjini Chanute, jimbo la Kansas, na kuolewa mwaka 1910 akiwa na umri wa miaka 16. Martin alikuwa amewahi kuvuka Pasifiki akiwa mpishi katika mashua ya mwandishi Jack London.

Walifika Kenya mwaka 1921. Waliporejea mwaka 1924, walipiga kambi kando ya Ziwa Paradise, mlimani Marsabit, hadi 1927, wakiwafuata tembo na faru kwa karibu. Kamera ya wakati huo ilizungushwa kwa mkono, hivyo mpiga picha hakuweza kushika bunduki. Mnyama alipowashambulia, Osa ndiye aliyesimama kando na silaha. Akifyatua mapema, picha ilipotea. Akichelewa, angekuwa mjane.

Filamu yao, Simba, ilitolewa mwaka 1928 na kuwapa umaarufu mkubwa. Wapagazi na wafuata nyayo wa Kiafrika, waliokabili hatari ile ile, hawakuupata.

Januari 1937 Martin alifariki kutokana na ajali ya ndege huko California, ambamo Osa alijeruhiwa vibaya. Hata hivyo hakuacha kazi, na kitabu chake cha mwaka 1940 kilinunuliwa kwa wingi.

Ujane alioukwepa Marsabit ulimfika nyumbani kwao. Alifariki New York Januari 1953, akiwa na miaka 58.