Arthur Wharton, Mlinda Lango Kutoka Accra

Tukizungumza barazani juu ya walinda lango mashuhuri, aghalabu hutaja wa jana na juzi. Mimi leo namtaja wa kale, Arthur Wharton, aliyezaliwa Accra mwaka 1865.

Babaye alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, mzaliwa wa Grenada. Mamaye alikuwa Mfante wa ukoo wa kifalme. Kijana akapelekwa Uingereza kusomea kazi ya dini, lakini miguu ikamvuta kwingine. Mwaka 1886, mjini London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10, akawa bingwa.

Wakati huo alikuwa akilinda lango la Darlington. Preston North End wakamwona, wakamchukua, akafika nao nusu fainali ya Kombe la FA mwaka 1887. Kudaka zama hizo kulitaka moyo, kwani kipa aliweza kupigwa kikumbo hata akiwa hana mpira. Wharton alisifiwa kwa wepesi, na kwa ngumi zake zilizoupeleka mpira mbali.

Mwaka 1889 Rotherham Town wakamwajiri kwa mshahara. Ndiyo sababu huhesabiwa kuwa mchezaji mweusi wa kwanza wa kulipwa.

Mpira ulipomtupa, aliingia mgodini kuchimba makaa. Alifariki mwaka 1930, akazikwa Edlington katika kaburi lisilo na jina. Jiwe likawekwa mwaka 1997, baada ya miaka 67.

Naona deni hilo si la Waingereza peke yao. Sisi Waafrika nasi tulimsahau, na vijana wetu wanaosimama langoni wana haki ya kumjua aliyewatangulia.