Joseph Bazalgette na Mitambo ya Kuinua Maji Machafu

Umekwisha kujifunza kwamba maji hutiririka kutoka mahali pa juu kwenda mahali pa chini. Wanafunzi wa Shinyanga na Kahama hulijua jambo hili vizuri. Maji ya bomba wanayokunywa huvutwa kutoka Ziwa Viktoria, mahali paitwapo Ihelele, wilayani Misungwi. Mitambo huyasukuma mpaka juu ya kilima cha Mabale, na kutoka hapo hushuka yenyewe kwa uzito wake. Nao wachimbaji wa dhahabu wa Geita wanajua upande wa pili wa jambo hilo. Maji yakiingia ndani ya duara hayapandi juu yenyewe. Yasipovutwa kwa pampu, kazi husimama, na maisha ya watu walio chini huwa hatarini.

Sasa soma habari za mtu aliyepewa kazi ya kuinua na kuondoa maji, lakini si maji safi. Alipewa kazi ya kuondoa uchafu wa mji mkubwa kuliko yote duniani wakati ule.

Mtu huyo aliitwa Joseph Bazalgette. Alizaliwa Enfield, karibu na mji wa London, nchini Uingereza, tarehe 28 Machi 1819. Alipokuwa kijana alijifunza uhandisi kwa kufanya kazi chini ya mhandisi mwenye ujuzi, naye alishughulika na kazi ya kukausha ardhi yenye maji mengi. Kisha alijitegemea, akafanya kazi za reli. Ilipofika mwaka 1847 alikuwa amejichosha kupita kiasi, akaugua, ikambidi aache kazi kwa muda. Alipopona aliajiriwa na ofisi iliyosimamia mifereji ya maji machafu ya London.

Hali ya London siku zile ilikuwa ya kutisha. Watu walizidi milioni mbili, na uchafu wa vyoo vyao uliishia katika mto Thames, ambao hupita katikati ya mji. Mto huo huo ndio uliotoa maji ya kunywa kwa nyumba nyingi. Fikiri mwenyewe: kijiji kinachimba choo juu ya kisima chake, kisha kila asubuhi watu wanateka maji pale pale. Kipindupindu kilifika London mara kwa mara. Mwaka 1848 na 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000, na mwaka 1853 na 1854 kikaua zaidi ya 10,000. Ugonjwa huu sisi pia tunaufahamu, kwani umeiingia nchi yetu mara nyingi, kama vile mwaka 1977 na mwaka 2015.

Je, ni nini kilichowaua watu wale? Wataalamu wengi waliamini kuwa ni harufu mbaya, yaani hewa iliyooza. Daktari mmoja, John Snow, alipinga. Mwaka 1854 alichunguza nyumba baada ya nyumba katika mtaa mmoja wa London, akaonyesha kwamba wengi wa waliokufa walikunywa maji ya kisima kimoja chenye pampu. Alikuwa amesema kweli, lakini wakubwa hawakumsadiki. Alifariki mwezi Juni 1858.

Mwezi huo huo joto lilizidi sana. Mto Thames ukanuka vibaya hata wabunge, ambao jengo lao liko kando ya mto, wakashindwa kukaa ndani. Mapazia ya madirisha yalilowekwa katika dawa ili kuzuia harufu, lakini haikusaidia. Wananchi walikuwa wameteseka miaka mingi bila kusikilizwa. Harufu ilipoingia bungeni, sheria ya kutoa fedha ilipitishwa kwa muda wa siku 18 tu!

Wakati huo Bazalgette alikuwa mhandisi mkuu wa mji, na mpango wake ulikuwa tayari. Alitaka kujenga mifereji mikubwa chini ya ardhi, sambamba na mto, ili iyadake maji machafu kabla hayajafika mtoni na kuyapeleka mashariki, mbali na mji. Mifereji hiyo mikubwa ilikuwa na urefu wa kilometa 132. Ilijengwa kwa matofali ya kuchoma, na matofali yaliyotumika katika kazi nzima yalikuwa kama milioni 318. Baadhi ya mifereji ilikuwa na umbo la yai lililosimama, ncha nyembamba ikiwa chini. Angalia hekima ya umbo hilo. Maji yakiwa machache hupita katika sehemu nyembamba, kwa hiyo huenda kwa kasi na kuukokota uchafu. Kama chini pangekuwa pana, maji machache yangetambaa polepole na uchafu ungetuama.

Alitumia saruji inayokuwa ngumu hata ndani ya maji. Saruji hiyo ikichanganywa vibaya haina nguvu. Kwa hiyo aliamuru kila shehena ipimwe, na ile iliyoshindwa kipimo irudishwe kwa mwuzaji.

Lakini kulikuwa na shida ile ile ya duara la Geita. Ili maji yatiririke, kila mfereji ulipaswa kuteremka kidogo kidogo. Mfereji ulioanza chini ukateremka kwa kilometa nyingi ulifika mwisho ukiwa chini kuliko mto. Hapo uchafu ulipaswa kuinuliwa. Bazalgette akajenga vituo vinne vya pampu. Kimoja, kiitwacho Crossness, kilifunguliwa tarehe 4 Aprili 1865.

Ndani ya Crossness kulikuwa na injini nne za mvuke. Makaa ya mawe yalichemsha maji, mvuke ukasukuma pistoni ndani ya silinda, na pistoni ikainua na kushusha boriti ya chuma yenye uzito wa tani 47. Boriti hiyo ilicheza juu na chini kama ubao wa pembea wanaokalia watoto wawili, nayo ikaziendesha pampu. Kila mvuto wa injini moja uliinua kama tani 6 za maji machafu. Yalihifadhiwa katika birika kubwa mno, kisha yakafunguliwa wakati maji ya bahari yalipoanza kupwa, ili yachukuliwe kwenda baharini. Jengo lenyewe lilipambwa kwa chuma kilichofinyangwa kama majani na maua, kikapakwa rangi. Si wengi wangejitaabisha hivyo kwa ajili ya nyumba ya kusukuma kinyesi.

Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London. Safari hii kiliua watu zaidi ya 5,000 upande wa mashariki, mahali ambapo mifereji mipya ilikuwa haijaanza kazi. Mitaa iliyokwisha kuunganishwa ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Hapo ndipo wengi walianza kukubali kwamba Snow alisema kweli. Bazalgette alikuwa amejenga ili kuondoa harufu, kumbe alikuwa ameondoa vijidudu kutoka katika maji ya kunywa. Vijidudu hivyo vilitambulishwa na Robert Koch mwaka 1883 na 1884 kwa kutumia hadubini.

Kazi yake ilikuwa na kasoro. Uchafu haukusafishwa, bali ulihamishwa tu. Mwaka 1878 meli ya abiria iligongwa ikazama karibu na mahali ulipomwagwa, na watu zaidi ya 600 wakafa. Baadaye wahandisi wakaanza kutenga tope zito na maji, na kuanzia mwaka 1887 meli zikalipeleka tope hilo baharini. Desturi hiyo nayo ilikomeshwa mwaka 1998, kwa sababu bahari haimezi kila kitu.

Bazalgette alifariki tarehe 15 Machi 1891. Mifereji yake mingi ingali inatumika mpaka leo, ingawa mji umekua mara nyingi.

Injini za Crossness ziliacha kazi katika miaka ya 1950. Kuzibomoa kungegharimu fedha nyingi kuliko thamani ya chuma chake, kwa hiyo ziliachwa ziote kutu, na mashimo ya pampu yakajazwa mchanga kwa kuhofia gesi iwakayo. Katika miaka ya 1980 watu wa kujitolea, wengine wakiwa mafundi waliostaafu, waliunda chama cha kuzifufua. Walizoa mchanga kwa mikono, wakakwangua kutu, wakasafisha chuma kipande kwa kipande. Hawakulipwa. Mwaka 2003, injini moja kati ya zile nne ilipelekewa mvuke, na gurudumu lake la tani 52 likazunguka tena.