Alfred Binet na Mtoto wa Dawati la Nyuma

Nilipokuwa tipii wilayani Muleba, nilikabidhiwa darasa pamoja na jina la utani la kijana mmoja wa dawati la nyuma: kilaza. Nikalipokea kama nilivyopokea chaki. Wiki ya tatu nikamhamishia mbele kwa sababu ya kelele, na kumbe ananakili ubao wote bila kosa. Alikuwa haoni mbali, basi. Siyo siri, niliona aibu. Saikolojia ya elimu nilishaisoma, tena sikupata supu.

Aibu hiyo ikanirudisha kwa Alfred Binet, mzee tunayemkariri kwa ajili ya mtihani na kumwacha mlangoni tukitoka.

Binet alizaliwa Nice, katika Ufaransa ya leo, tarehe 8 Julai 1857. Baba alikuwa daktari, mama mchoraji. Walitengana, akalelewa na mama. Alisoma sheria, akahitimu mwaka 1878, kisha akaiacha. Hakudisko, moyo tu haukuwepo. Saikolojia alijifundisha mwenyewe maktabani Paris.

Miaka ya 1880 alifanya kazi hospitali ya Salpêtrière chini ya bingwa Jean-Martin Charcot, na huko aliteleza vibaya. Yeye na mwenzake walitangaza kuwa sumaku inahamisha dalili za mgonjwa aliye katika usingizi wa hipnosisi kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine. Wengine walipochunguza, ikaonekana wagonjwa walikuwa wakifuata tu matarajio ya wapimaji. Binet alilazimika kukiri kosa. Tangu hapo alijua kuwa mpimaji huweza kuona kile alichokuja nacho kichwani.

Akageukia nyumbani. Aliwachunguza binti zake, Madeleine na Alice, akaona watoto wa tumbo moja hawafikiri kwa namna moja. Mwaka 1894 akawa mkuu wa maabara ya saikolojia Sorbonne.

Ufaransa ilikuwa imefanya elimu ya msingi kuwa ya lazima mwaka 1882. Watoto wakajaa madarasani, na baadhi hawakwenda sawa na wenzao. Mwaka 1904 serikali iliunda tume ya kuwashughulikia, Binet akiwemo. Hofu yake ilikuwa kwamba mtoto ataondolewa darasani kwa sababu tu ni mtundu au mwalimu kamchoka. Hivyo mwaka 1905, yeye na daktari Théodore Simon walitoa kipimo cha majukumu 30, kikianza na kufuata mwanga kwa macho na kuishia na kutofautisha maneno ya dhana. Mwaka 1908 walikipanga upya kwa umri.

Mwaka huohuo wa 1905 alifungua maabara ndani ya shule ya msingi mjini Paris, akishirikiana na mwalimu mkuu Victor Vaney. Alisisitiza macho na masikio yapimwe, na alikataa katakata kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichofungwa. Kwake, namba ilikuwa mwanzo wa msaada, na umakini na kumbukumbu hukua kwa mazoezi.

Alifariki tarehe 18 Oktoba 1911, akiwa na miaka 54. Kule Marekani, Henry Goddard alichukua kipimo hicho akakifanya mhuri, hadi kuwachuja wahamiaji bandarini. Kazi ya kumtetea mtoto ikageuka ya kumfungia mlango.

Bukoba tuna Mugeza Mseto, ambapo watoto wenye ulemavu na wasio nao husoma pamoja. Lakini mtoto hafiki huko kabla mtu hajamtambua, na kule nilikofundisha sikuonana na mwanasaikolojia wa elimu hata mmoja. Fikiria basi mtoto wa kisiwani Bumbire, anayehitaji kwanza kuvuka ziwa.

Ndugu zangu wa elimu, mpaka wataalamu watakapofika, mpimaji wa kwanza ni sisi wa tipii. Kabla hujapokea jina la utani la mtoto, msogeze mbele. Mwite kwa sauti ndogo akiwa amekupa mgongo. Muulize kama amekula. Halafu andika ulichokiona, umpe mwalimu mkuu na mzazi, maana muhula ukiisha wewe unaondoka na yeye anabaki.