Euler: Bingwa wa hesabu aliyeshinda giza

Mtu apotezapo macho uzeeni, jamaa zake huwa hawamtarajii tena kufanya kazi kubwa. Lakini Leonhard Euler, bingwa wa hesabu, alitoa karibu nusu ya maandishi yake baada ya kupofuka.

Euler alizaliwa Aprili 15, 1707, mjini Basel, Uswisi. Baba yake, aliyekuwa kasisi, alitaka mwanawe naye awe kasisi. Profesa Johann Bernoulli alikitambua kipawa cha kijana huyo, akamshawishi mzee amwachie ashike hesabu.

Mwaka 1727, akiwa na umri wa miaka 20, Euler alikwenda St Petersburg, Urusi, kufanya kazi katika Akademia ya Sayansi.

Huko ndiko alikotegua kitendawili cha mji wa Königsberg. Wenyeji walijiuliza: je, mtu aweza kuyavuka madaraja yote 7 ya mji, kila moja mara moja tu? Mwaka 1735 Euler alionyesha kwamba haiwezekani. Aingiaye mahali kwa daraja moja sharti atoke kwa jingine. Kwa hivyo, mahali penye madaraja ya idadi witiri paweza tu kuwa mwanzo au mwisho wa safari. Königsberg ilikuwa na mahali pa namna hiyo panne! Leo elimu iliyotokana na jawabu hilo husaidia kupanga mitandao ya simu.

Mwaka 1738 jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kuharibika. Kuanzia 1741 alifanya kazi Berlin kwa miaka 25, ambako Mfalme Frederick alimkejeli kwa chongo chake. Alirudi Urusi mwaka 1766, na mara jicho la pili likaingiwa na mtoto wa jicho. Alipasuliwa mwaka 1771, akaona kwa muda mfupi, kisha giza likarudi. Mwaka huo huo nyumba yake iliteketea, naye akaokolewa motoni. Mwaka 1773 akafiwa na mkewe, Katharina.

Hata hivyo hakuacha kazi. Alipiga hesabu ndefu kichwani, wanawe na wasaidizi wakaandika. Hivyo ndivyo kilivyopatikana kitabu chake cha 1772 juu ya mwendo wa mwezi.

Euler alifariki Septemba 18, 1783, akiwa na umri wa miaka 76. Maandishi aliyoyaacha yalikuwa mengi hata Akademia ikaendelea kuyachapisha kwa karibu miaka 50 baadaye.