Marehemu A. M. Jeevanjee na Bustani Yenye Jina Lake



Yamekuwa mazoea katika nchi yetu kwamba mtu mashuhuri akifariki, haupiti muda mrefu ila husikika rai ya kuipa barabara, uwanja au bustani ya umma jina lake. Mjini Nairobi, katika mwaka 2020, bustani iliyo kando ya mto wa Nairobi, iliyokuwa ikiitwa Mazingira, ilipewa jina la marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira na kufariki katika mwaka 2012. Desturi hii hatuilaumu, kwani kumkumbuka mtu kwa wema wake ni katika murua. Lakini yafaa tuulize ni kitu gani kinacholifanya jina likae mahali na lisiondoke. Jibu tumelitafuta katika maisha ya mtu aliyefariki zamani, ambaye jina lake hutajwa kila siku na maelfu ya watu wasiojua alikuwa nani.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mjini Karachi katika mwaka 1856, katika jamaa ya Waislamu wa Kibohora. Tangu ujanani alijitafutia riziki kwa jasho lake, akatembea sehemu nyingi za India akifanya biashara ndogo ndogo, na safari zake zikamfikisha hata Australia. Katika mwaka 1890 alifika Mombasa, wakati ambao Waingereza ndio kwanza wanaanza kuueneza utawala wao kutoka pwani kwenda bara. Akafungua nyumba ya biashara, na haukupita muda akawa ndiye mkandarasi mkubwa aliyetegemewa na Serikali.

Ilipoazimiwa kujenga reli kutoka Mombasa hata ziwa la Viktoria, Jeevanjee alipewa kazi ya kuleta mafundi na vibarua kutoka India, na pia ya kuwapatia chakula. Kazi ya reli ilianza katika mwaka 1896, ikafika Nairobi katika mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwani. Wahindi walioletwa kwa kazi ile kwa jumla walikaribia 32,000, na waliofia humo ni kama 2,500. Mali ya Jeevanjee ilipata nguvu katika jambo hilo, na kwa insafu yatupasa kulitaja bila ya kulificha: utajiri wake ulikua pamoja na kukua kwa dola ya kigeni, na njia iliyomtajirisha ndiyo iliyowaleta walowezi juu ya ardhi ya wenyeji.

Nairobi ilipokuwa ingali kambi ya mabati na matope, yeye alikuwa katika wa mwanzo kuweka fedha zake humo. Alijenga majumba ya ofisi, nyumba za kupangisha na soko la mji. Kabla ya hapo, katika mwaka 1902, alianzisha mjini Mombasa gazeti la Kiingereza lililotoka kila wiki, likiitwa African Standard. Katika mwaka 1905 aliwauzia Wazungu wawili gazeti hilo, nao wakaliita East African Standard. Ndilo hili ambalo mpaka leo husomwa nchini kwa jina la The Standard. Wengi walisomao hawajui kwamba mwasisi wake alikuwa Mwislamu mfanyabiashara kutoka Karachi. Na ni jambo la kustaajabisha kwamba gazeti lile, baada ya kutoka mikononi mwake, kwa miaka mingi likawa ndilo sauti ya walowezi aliokuwa akishindana nao.

Mashindano hayo yalikuwa juu ya haki. Katika mwaka 1908 Serikali ya Uingereza iliamua kwamba mashamba ya nyanda za juu wasipewe Wahindi, yawe ya Wazungu peke yao. Mwaka uliofuata, 1909, Jeevanjee akateuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mtu wa kwanza asiyekuwa Mzungu kukaa humo. Hakukaa kimya. Alikwenda London akawaeleza watu wa magazeti na wanasiasa jinsi watu wake wanavyodhulumiwa. Walowezi walighadhibika, lakini yeye hakurudi nyuma. Ilipoundwa Kongresi ya Wahindi wa Afrika ya Mashariki mjini Mombasa katika mwaka 1914, alikuwa miongoni mwa waliosimama mbele.

Ama hapa pia insafu yatutaka tuseme kweli yote. Haki aliyoipigania ilikuwa kwanza haki ya Wahindi. Ardhi iliyogombaniwa baina ya Mzungu na Mhindi ilikuwa na wenyewe, nao hawakuulizwa. Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza lile, Bwana Eliud Mathu, aliingia katika mwaka 1944, miaka thelathini na mitano baada ya Jeevanjee. Anayesimulia sifa za maiti akaacha mapungufu yake humpamba tu, na mapambo hayo hayamfai maiti wala aliye hai. Lakini pia si uadilifu kumhukumu mtu kwa lile ambalo hakulifanya tukasahau lile alilolifanya: alikuwa wa mwanzo kuonyesha, ndani ya Baraza lenyewe, kwamba Mzungu aweza kupingwa kwa hoja.

Sasa tuje kwenye bustani. Katika mwaka 1906 Jeevanjee aliutolea mji wa Nairobi kipande cha ardhi kiasi cha eka tano, katikati ya mji, kiwe mahali pa watu kupumzika. Humo aliweka sanamu ya Malkia Viktoria, iliyofunuliwa na mwana wa Malkia huyo, Duke of Connaught, katika mwaka ule ule. Fedha zilikuwa zake, ardhi ilikuwa yake, na mlango haukuwa na bawabu wa kuuliza mtu ni wa kabila gani wala ana dini gani. Katika mji uliogawanywa kwa rangi, kila watu na mtaa wao, mahali pa namna hiyo palikuwa haba.

Jeevanjee alifariki katika mwaka 1936. Miaka yake ya mwisho mali yake ilikuwa imepungua sana, na nyumba yake ya biashara haikuwa tena na nguvu ya zamani. Mikataba ilikwisha, majengo yakabomolewa au yakashikwa na wengine, na lile gazeti lilikwisha ondoka mikononi mwake zamani. Kilichobaki na jina lake ni kile alichokitoa.

Baada ya Uhuru majina mengi ya mji yaligeuzwa, na ilistahili. Barabara iliyopita upande mmoja wa bustani, iliyoitwa Government Road, leo ni Moi Avenue. Ile ya upande wa pili, Stewart Street, ikapewa jina la Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba katika mwaka 1938 kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao. Sanamu ya Malkia nayo baadaye ikavunjwa na kuangushwa. Lakini jina la Jeevanjee halikuondoka, ingawa hakuwa mtawala wala hakuacha jeshi la kumlinda.

Mtihani mkubwa ulikuja katika mwaka 1991, ulipotolewa mpango wa kujenga jengo kubwa na maegesho ya magari mahali pale pale pa bustani. Zama hizo kuipinga Serikali hadharani kulikuwa ni kuhatarisha nafsi. Hata hivyo watu walisimama. Jamaa za marehemu, miongoni mwao mjukuu wake Bibi Zarina Patel, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya maisha yake, walitoka kupinga. Profesa Wangari Maathai, ambaye katika mwaka 1989 alikwisha kuipigania Uhuru Park isijengwe jumba la ghorofa sitini, alikuwa pamoja nao. Raia wa kawaida wakawaunga mkono. Mpango ukaachwa, na bustani ikapona. Na katika miaka iliyofuata vibao vya bustani ile vikawa ni mahali pa baraza ya watu wa kawaida, iitwayo Bunge la Mwananchi, ambapo makuli, wachuuzi na vijana wasio na kazi hujadiliana mambo ya nchi. Waliokuwa hawana kiti katika Baraza alilokaa Jeevanjee wamepata baraza yao juu ya ardhi aliyoitoa.

Ndugu zetu, hapa pana mazingatio. Sisi Waislamu twaijua maana ya wakfu: asili ya mali huzuiliwa isiuzwe, na manufaa yake huachiwa watu. Hatusemi kwamba bustani ile ni wakfu kwa hukumu ya sheria. Twasema kwamba yafanana nao kwa maana yake, na kwamba twaona kwa macho yetu jinsi sadaka yenye kuendelea inavyomfaa mtu kuliko jiwe lililochongwa. Sanamu iliangushwa, na ardhi iliyo wazi kwa watu ingali ipo.

Basi linapoletwa shauri la kuipa bustani jina la marehemu yeyote, katika Mombasa, Malindi, Nairobi au kwingineko, kwanza tuulize mambo mawili. Je, marehemu huyu alitoa nini ambacho watu wanakitumia? Na je, sisi tunaoliandika jina lake kwenye kibao tuko tayari kuilinda ardhi hiyo siku watakapokuja wenye tamaa na karatasi zao? Viwanja vingapi vya kuchezea watoto, na makaburi mangapi, yameliwa katika miji yetu huku vibao vyenye majina ya watukufu vikitazama! Kumpa maiti jina la bustani kisha kuiacha bustani ikauzwa ni kumdhihaki.

Mwenyezi Mungu amsamehe marehemu Jeevanjee makosa yake, amlipe kwa wema wake, na atujaalie sisi kuacha nyuma yetu kitu ambacho watu watakisikitikia kikitaka kuondolewa. Amin.